Kampala: Kesho Nitampata Wapi?

Mpakani Malaba fedha hubadilishwa kwa kasi. Mbadilishaji ameshika kitita cha noti za Uganda kwa mkono wa kushoto na kikokotoo kwa mkono wa kulia, na macho yake yako kwenye basi linalounguruma nyuma ya mteja. Shilingi moja ya Kenya huenda kwa kama shilingi 28 za Uganda, kwa hiyo mwenye shilingi 10,000 anategemea kupata takriban 280,000. Zinahesabiwa mbele yake, kwa sauti, moja baada ya nyingine. Lakini katikati ya kitita kuna noti mbili tatu zilizokunjwa, na noti iliyokunjwa ina ncha mbili. Zote mbili zinapita chini ya kidole gumba, zote mbili zinahesabiwa. Kondakta anaita, abiria anazisokomeza mfukoni na kukimbilia mlangoni. Hesabu ya kweli huja kuonekana Bugiri, basi likiwa limeshakata kilomita nyingi.

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Likoni, Mombasa, aliyekaa kiti cha mbele yangu tangu Nairobi, alishuka hapo bila pupa. Mkononi alikuwa na kadi ya manjano ya chanjo na kitambulisho cha taifa, ambacho tangu mwaka 2014 kinawatosha raia wa Kenya, Uganda na Rwanda kuvuka mipaka ya nchi zao bila pasipoti. Mimi Mtanzania nyuma yake nilitoa pasipoti. Wabadilisha fedha walipomzunguka aliwauliza kiwango, akawashukuru, akabadilisha shilingi 2,000 tu, za boda na chai. Kila noti aliyopewa aliikunjua, akaigeuza, akailaza juu ya mkoba wake kabla ya kupokea nyingine. Mbadilishaji alianza kuhema kwa kuchoka. Mwalimu hakujali.

“Mwanangu,” aliniambia tulipopanda tena, “huyu nikimtafuta kesho, nitampata wapi?”

Yeye alikuwa anakwenda kwenye mahafali ya binti yake Chuo Kikuu cha Makerere. Mimi nilikuwa nakwenda kuandika habari za wageni wanaoingizwa mjini Kampala, na swali lake likawa dira yangu. Nililipima kwa waendesha boda, kwa madalali wa safari za mbugani, kwa wenye maduka ya fedha. Halikuniangusha ila mahali pamoja, ambapo nitapafikia.

Ukishavuka Nile kwenye daraja jipya la Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, na kuupita msitu wa Mabira, basi husimama Namawojjolo. Madirisha yanajaa mishikaki, mapaja ya kuku na ndizi za kuchoma zinazoitwa gonja. Chakula ni kizuri na wauzaji wengi ni watu wa kazi yao. Tatizo ni chenji. Mtu akitoa noti ya shilingi 50,000 kununua kuku, muuzaji anaweza kuanza kuitafuta chenji kwa wenzake, na basi halimngoji. Wenyeji hutoa noti ndogo, au hushika kuku kwa mkono mmoja na noti yao kwa mkono mwingine mpaka chenji ionekane.

Hapo hapo ndani ya basi kuna hatari nyingine, kubwa kuliko chenji. Balozi za kigeni zimekuwa zikiwaonya raia wao kuhusu jirani wa kitini anayekaribisha biskuti au soda iliyokwisha kufunguliwa. Anayekula husinzia, na anapoamka mkoba haupo. Kwa sisi watu wa Afrika Mashariki ni onyo gumu kulifuata, maana tumelelewa kwamba kukataa chakula cha mwenzako ni kumtukana. Mwalimu alipokaribishwa karanga na kijana wa ng’ambo ya ujia alisema amefunga. Ilikuwa Alhamisi, na watu wengi hufunga Alhamisi, kwa hiyo hakuna aliyekasirika.

Kampala yenyewe humpokea mgeni kwa kelele. Basi halijasimama sawasawa, wapiga debe na waendesha boda wameshalizunguka. Mmoja anashika begi, wa pili anauliza unalala wapi, wa tatu anasema hoteli hiyo imefungwa kwa matengenezo ila anaijua nyingine nzuri zaidi. Aliyepita stendi ya zamani ya Ubungo, Dar es Salaam, au River Road ya Nairobi anaijua lugha hii. Dawa yake ni kuipigia simu hoteli mwenyewe, kabla ya kushuka.

Kinachomshinda mgeni ni boda. Mji umekaa juu ya vilima, barabara zinashuka mabondeni na kupanda tena, foleni hazina mwisho, na pikipiki ndiyo inayopenya. Bei hupatanwa kabla ya kupanda, lakini hata mapatano yana mlango wa nyuma: “elfu tano” ya mwanzo wa safari inaweza kuwa elfu tano kwa kila mtu mwishoni, au elfu tano bila begi. Ndiyo maana watu wengi walizipokea kwa furaha programu za simu. SafeBoda ilianza Kampala mwaka 2014, ikaja na kofia za chungwa na mafunzo kwa madereva, kisha Uber ikaingia mwaka 2016. Bei inaonekana kabla ya safari, jina na namba ya pikipiki viko kwenye kioo cha simu.

Mtego uliobaki ni mdogo lakini ni wa kila siku. Dereva anafika, anatabasamu, anasema intaneti inamsumbua, tufute safari kwenye programu, utanilipa taslimu bei ile ile. Safari ikishafutwa, haipo. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna bei. Kofia ya chungwa peke yake nayo si ushahidi, kwa kuwa kofia hununuliwa. Mgeni analinganisha namba ya pikipiki na ile ya kwenye simu, na zisipofanana hapandi.

Asiye na simu ya kisasa naye hajakosa ulinzi. Waendesha boda wengi wa Kampala wana steji, na steji ina mwenyekiti na daftari la majina. Kwenye steji jirani na nyumba aliyofikia Mwalimu, mwenyekiti alikuwa mzee mwembamba aliyekaa kwenye benchi chini ya mwembe. Mwalimu alikwenda kumsalimia kabla ya kumsalimia mtu mwingine yeyote mtaani. Akamwambia anatoka Mombasa, amefikia nyumba ile pale, na atahitaji kijana wa kumpeleka mjini kila asubuhi. Mzee akamteulia mmoja na kumtajia bei, wote wakisikia. Ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyoombwa mimi nilipotoka kwenye basi, kwa mwendo unaokaribiana. Kijana yule, akimdhulumu mgeni wa mzee, amepoteza steji.

Binti ya Mwalimu, aliyeishi Kampala miaka yote ya masomo yake, alikuwa na onyo moja aliloliweka juu ya mengine yote. “Mama, usipande taksi iliyokukuta njiani peke yako jioni.” Taksi, Kampala, ni yale mabasi madogo meupe ya abiria 14 yenye vimraba vya buluu ubavuni. Mengi ni salama na ndiyo miguu ya mji. Lakini yapo machache ambayo dereva, kondakta na abiria wote ni kikundi kimoja, na wanaoibiwa ni wageni na wanafunzi. Yeye mwenyewe yalimpata akiwa mwaka wa kwanza, akitokea Wandegeya, na alivyosimulia niliona jinsi kazi ile ilivyopangwa kwa utulivu.

Gari lilisimama mbele yake likiwa na abiria wanne, wanawake wawili miongoni mwao. Kondakta akamweka kiti cha karibu na mlango, halafu akalalamika kwamba mlango umeharibika, tafadhali, nnyabo, ushikilie usije ukafunguka. Mikono yake miwili ikawa kwenye mlango. Bwana aliyekaa upande wa pili alikuwa na bahasha kubwa ya karatasi mapajani, imefunika mikono yake. Mwanamke wa kiti cha nyuma akamuuliza saa, akamsifu nywele, akamuuliza anasoma nini. Baada ya mwendo mfupi dereva akasema ameona askari wa barabarani mbele na gari limezidi, dada mmoja ashuke, samahani sana. Wakamrudishia nauli yake yote.

“Nikawashukuru,” alisema.

Nauli iliyorudishwa ndiyo iliyompa nafasi dereva ya kuondoka. Mtu aliyerudishiwa haki yake haanzi kujipapasa. Alipokuja kushika mkoba, zipu ilikuwa imefungwa vizuri kama alivyoiacha, na ndani simu na ada ya hosteli havimo. Abafere, wanavyoitwa matapeli kwa Kiganda, hawakumtisha wala hawakumwinulia sauti. Tangu siku hiyo hupanda taksi ndani ya stendi, ambako magari hupanga foleni chini ya macho ya wasimamizi na wenzao, au kwenye kituo kinachojulikana. Stendi kongwe ya mjini, Old Taxi Park, ilifanyiwa ukarabati mkubwa kipindi cha korona, na sasa ni rahisi zaidi kuona gari lipi linakwenda wapi.

Simu nayo ina kanuni yake. Kwenye foleni, hasa pande za Clock Tower, Katwe na Kibuye kwenye barabara ya Entebbe, dirisha la gari hufungwa au simu hubaki mfukoni. Mkono unaingia, simu inatoka, pikipiki inapotea kati ya malori. Hakuna zaidi ya hapo.

Siku ya pili mjini tulikwenda kubadilisha fedha ya Mwalimu iliyobaki. Katika Barabara ya Kampala maduka ya fedha yamepangana, kila moja na ubao wa viwango nje na leseni ya Benki Kuu ya Uganda ukutani. Mwalimu aliingia kwenye maduka matatu ya kwanza akasoma mbao tu, akarudi kwenye la pili, akadai risiti. Mwenye dola anahitaji kujua jambo ambalo huwakera wageni wengi: noti ya 100 hupewa kiwango kizuri kuliko noti za 5 na 10, na noti za zamani au zilizochanika hukataliwa kabisa. Mtu wa kando ya barabara anayezikubali kwa bei nzuri kuliko ubao wowote hazikubali kwa wema.

Kuna suala la lugha ambalo msomaji wa Kiswahili lazima alijue kabla hajafika. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mitaani mambo ni ya taratibu zaidi. Kwa miongo mingi Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, na watu wazima wa Buganda walikisikia kutoka kwa wenye bunduki. Mtu anayeingia dukani na kuanza kwa Kiswahili kikavu anaweza kukutana na uso uliofungwa, na bei nayo ikafungwa. Aanze na salamu ya Kiganda, hata mbili tatu za kuazima, kisha aombe ruhusa ya kuendelea kwa Kiswahili. Katika masoko ya Owino na Kikuubo, kwenye biashara ya jumla, hali ni nyingine: wateja kutoka Congo, Sudan Kusini na Tanzania wamewafanya wauzaji wengi wajue kuhesabu, kubembeleza na kugombana kwa Kiswahili safi. Huko mwenye lugha yetu ana nguvu kuliko Mzungu mwenye kitabu cha mwongozo.

Watalii wengi hupita Kampala wakielekea kwa gorila wa milimani, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea kwa mara moja. Tangu Julai 2024 kibali cha kuwaona gorila Bwindi au Mgahinga ni dola 800 kwa mgeni asiye mkazi, wakati raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda. Pengo hilo ni kubwa, karibu mara kumi, na penye pengo hapakosi mtu wa kusimama katikati. Wapo wanaowauzia Wazungu vibali vya bei ya Afrika Mashariki, na mgeni huja kukwama asubuhi ya safari, kwa kuwa kibali kina jina na hulinganishwa na pasipoti. Wapo pia wanaomficha Mkenya au Mtanzania bei yake halali, wakamtoza ya mgeni. Mwaka 2023 ulaji huu uligundulika hata ndani ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ikawasimamisha kazi baadhi ya watumishi wake.

Makao makuu ya mamlaka hiyo yako Kamwokya, Barabara ya Kira, jirani na Jumba la Makumbusho la Taifa. Unaweza kuingia mwenyewe, kuuliza tarehe zenye nafasi, na ikiwa umenunua kwa wakala, kuomba wathibitishe kibali chako. Kila familia ya gorila hutembelewa na watu wanane tu kwa siku, kwa hiyo anayekuahidi nafasi ya kesho katika msimu wa watu wengi, tena kwa punguzo, anauza kitu asichokuwa nacho. Na wageni wanaohitaji viza wana mtego wao kabla hata ya kupanda ndege: tovuti za watu binafsi zinazofanana na ya serikali na kutoza zaidi. Anwani za serikali ya Uganda huishia na go.ug. Viza ya kawaida ya utalii ni dola 50, na ile ya pamoja ya Uganda, Kenya na Rwanda ni dola 100.

Sasa mahali ambapo swali la Mwalimu lilikwama: dhahabu.

Tapeli wa dhahabu anapatikana kesho. Ana ofisi, ana kibao kinachong’aa mlangoni, ana mlinzi mwenye bunduki na katibu anayeleta chai. Na anasimama juu ya ukweli. Dhahabu katika miaka ya karibuni imeipita kahawa na kuongoza mauzo ya Uganda nje ya nchi, na nyingi hutoka nchi jirani, hasa Congo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Dubai, Istanbul au Texas akiambiwa Kampala kuna dhahabu, ameambiwa kweli. Uongo unaanzia kwenye bei.

Mazungumzo huanza kwenye WhatsApp. Kilo kadhaa zipo, wenyewe ni wazee wa kijiji wasiojua soko, bei iko chini ya ile ya London kwa robo au theluthi. Mgeni anapokelewa Entebbe kwa gari la kifahari, pengine na walinzi wenye sare. Anapelekwa kwenye nyumba kubwa Muyenga au Munyonyo, sanduku la chuma linafunguliwa, na yeye mwenyewe anaambiwa achague punje anazotaka zipimwe. Zinapimwa, ni dhahabu safi. Wao wenyewe ndio waliojua ataingiza kidole wapi. Sanduku linafungwa kwa lakiri, halafu bili zinaanza: kodi ya mrabaha, bima, cheti cha usafirishaji, ada ya ghala. Fedha zake zikikauka, wanaibuka wanaojiita polisi, wanamkamata kwa kununua madini bila leseni, na kuna bei ya kuachiwa. Anayefika nyumbani na sanduku hukuta shaba.

Si maskini wala wajinga wanaonaswa. Februari 2011 ndege binafsi iliyohusishwa na kampuni ya mafuta ya Marekani ilikamatwa Goma, mashariki mwa Congo, na maofisa walitangaza kwamba ndani mlikuwa na zaidi ya kilo 400 za dhahabu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza waliwataja wanajeshi wa Congo nyuma ya biashara ile, na mamilioni ya dola ya wanunuzi yalikuwa yameshatoka. Kenya nayo ina mafaili yake ya namna hii, yenye majina makubwa. Kampala imekuwa mojawapo ya vituo vya mchezo huo, na mwathirika mara nyingi hafungui mdomo, kwa kuwa naye alikuja akijua ananunua kwa mlango wa uani.

Nilimrudishia Mwalimu swali lake kwa kumweleza haya. Alifikiri kidogo. “Basi ongeza,” alisema. “Nitampata wapi, na nani mwingine pale anamjua?” Ofisi ya kukodi haijulikani na muuza chapati wa nje. Leseni ya kufanya biashara ya madini hutolewa na kurugenzi ya jiolojia na madini yenye makao yake Entebbe, na yeyote anaweza kwenda kuuliza. Tena bei ya dhahabu ya London hutangazwa kila siku ya kazi. Mwenye dhahabu halali anaweza kuiuza karibu na bei hiyo popote, leo hii. Sioni kwa nini amtafute mtu asiyemjua bara jingine ili apate hasara ya theluthi.

Kuna utapeli mwingine ambao unaniuma zaidi ya dhahabu, kwa sababu mhanga wake si mgeni. Vijana wa Ulaya na Marekani huja na masanduku ya nguo na madaftari kwa ajili ya vituo vya yatima. Vipo vituo vya kweli vinavyofanya kazi ngumu kwa uaminifu. Lakini imeshathibitika mara nyingi kwamba watoto wengi walio kwenye vituo vya Uganda wana mzazi hai au ndugu wa karibu, na vipo vilivyowakusanya kwa sababu mtoto mbele ya kamera huleta michango. Chini ya kanuni za mwaka 2013, kituo lazima kiidhinishwe na wizara inayohusika na ustawi wa jamii. Anayetaka kusaidia aombe kuona cheti hicho kwanza, na kituo kinachomruhusu mgeni asiyejulikana kuingia na kuwabeba watoto siku ya kwanza kimeshajieleza chenyewe.

Nisije nikamfanya msomaji adhani hatari zote za Uganda ni za mfukoni. Mlinzi anayekagua mikoba mlangoni mwa maduka makubwa yuko pale kwa sababu: usiku wa Julai 11, 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yaliua zaidi ya watu 70 kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na mgahawa mmoja Kabalagala. Novemba 2021 mabomu yalilipuka tena katikati ya mji. Oktoba 2023 wanandoa waliokuwa kwenye fungate na dereva wao Mganda waliuawa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kabla ya kwenda magharibi mwa nchi, watu wa kuuliza hali ya barabara ni askari wa hifadhi na wenye kampuni zenye magari huko. Na Kabalagala au Kololo usiku, glasi aliyoiacha mtu mezani haimalizwi na mwenyewe.

Siku moja kabla ya mahafali, Mwalimu na binti yake walikwenda Kikuubo kununua vitenge, nikaongozana nao. Ujia ule wa maduka ya jumla umejaa wachukuzi wenye mabunda kichwani, na katikati ya msongamano kijana mmoja akauchomoa mkoba mdogo wa Mwalimu wenye simu. Binti alimshika mama yake mkono kabla hajafungua kinywa. “Usiseme mwizi, Mama. Hapa usilitamke hilo.” Polisi ya Uganda huripoti kila mwaka mamia ya watu wanaouawa na makundi yenye hasira, na mauaji ya namna hiyo huweza kuanza kwa mtu mmoja kupaza sauti.

Mwingine akalitamka. Kijana hakufika mbali. Kofi la kwanza, la pili, halafu nikaona mtu ameinua ubao. Mwenye duka la vitenge, mama mnene aliyekuwa anatupimia kitambaa sekunde chache nyuma, aliruka kaunta kwa wepesi ambao sikuutarajia. Akamshika kijana ukosi, akamvuta ndani ya duka, akashusha geti la chuma na kusimama mbele yake akiwa na mita ya mbao mkononi. Aliwasemesha kwa Kiganda, kisha akageuka kwetu kwa Kiswahili cha Bunia, Congo: “Hapa ni kwangu. Hakuna mtu atakufa mbele ya biashara yangu. Mwite polisi.” Majirani wa maduka wakajipanga naye mmoja mmoja, mpaka watu wakatawanyika.

Kituoni afande wa zamu alikuwa na adabu na kazi nyingi. Aliuliza kama kuna uthibitisho kwamba simu ni ya Mwalimu. Mwalimu akatoa daftari lake. Kabla ya safari alibonyeza *#06#, akanakili tarakimu 15 za simu yake pamoja na namba ya kitambulisho na namba za simu za watu wawili. Afande akalinganisha, akaandika, akampa nakala ya taarifa yenye muhuri. Simu ingebaki kielelezo mpaka ofisa wake asaini, pengine jioni ile.

Mwalimu aliuliza kijana ana umri gani. Afande akasema anadai 16. Jicho lake moja lilikuwa limeshavimba, na Mwalimu akaomba apelekwe kwa daktari kabla ya kuhojiwa, tena ombi hilo liandikwe kwenye faili. Liliandikwa, nikaliona. Mama wa vitenge akatoa jina lake na namba ya duka kama shahidi, akaondoka haraka kurudi kufungua geti, na sisi tukachukua boda za steji kwenda Makerere, kwa kuwa dirisha la kuchukulia majoho lilikuwa linafungwa saa kumi na moja.